Mdosi Akinunua Timu Yenu, Mwambieni Asianze na Mastraika

Tuseme kesho mdosi mmoja wa mahoteli ya Diani ameamka na ganji, akaamua kununua timu. Anateremka hadi Gazi bahari ikiwa imekupwa, anakuta mayut wanachapa boli mchangani, anawaambia, "Miaka miwili tu, tuko Ligi Kuu." Kijiji kizima kinawaka. Wiki ijayo kuna jezi mpya, basi lina jina la klabu ubavuni, na mastraika wawili kutoka nje wanapigwa picha na skafu shingoni.

Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, na hii sinema tushaiona Kanairo. Wazito FC ilinunuliwa 2018 na mwekezaji kutoka Ulaya, Ricardo Badoer, wakati timu ilikuwa imetoka kushuka daraja. Msimu uliofuata ikabeba National Super League na kurudi Ligi Kuu, usajili ukazidi kupamba moto. Makocha nao wakawa kama abiria wa matatu: Fred Ambani, Melis Medo, Stewart Hall, Francis Kimanzi, wote walipita hapo katika miaka michache. 2023 ikashuka tena. Doh ilikuwepo, tena mob kuliko timu nyingi za hapa. Lakini mchezaji anayebadilishiwa kocha kila akizoea mfumo hajui hata asimame wapi kona ikipigwa.

Kwa hivyo mdosi achague kocha polepole, halafu amwache afanye kazi. Yanga ya Dar ilimleta Nasreddine Nabi Aprili 2021, msimu ukiwa umeshasonga, na ubingwa ukaenda kwa Simba vile vile. Hawakumtimua. Msimu uliofuata wakachukua ligi bila kupoteza hata mechi moja, wakafika mechi 49 za ligi bila kufungwa kabla ya Ihefu kuwaharibia sherehe Novemba 2022. Na 2023 wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, wakalikosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini tu. Hebu fikiria kama wangempa Nabi tiketi ya kurudi kwao 2021 ndio mashabiki watulie mitandaoni.

Lakini Yanga hao hao wana stori nyingine, na hii ndiyo kila sapota wa Pwani anafaa kuikariri. Kabla ya Nabi timu ilikuwa inaishi kwa mfuko wa mtu mmoja, Yusuf Manji. Chini yake walibeba ligi mara tatu mfululizo, 2015 hadi 2017. Mei 2017 Manji akajiuzulu, na ganji ikaondoka naye. Mishahara ikakwama. Kufikia msimu wa 2018/19 kocha wao Mwinyi Zahera alikuwa mstari wa mbele kuchangisha mashabiki. Timu kubwa hivyo, mashabiki kibao Tanzania nzima, inapitisha bakuli! Na jirani hakulala: Simba ikabeba ligi nne mfululizo, 2018 hadi 2021.

Simba wenyewe walikuwa wamesota tangu 2012. Desemba 2017 wakakubaliana na Mohammed Dewji aweke shilingi bilioni 20 za Tanzania kwa asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Usidhani ilikuwa laini, karatasi ziliburuta miaka na kelele hazikuisha. Ila wazo lenyewe ni fiti: mwenye doh ana kiti, na shabiki naye ana kiti. Mdosi anayekataa mtu mwingine aone vitabu vya hesabu anajenga timu ya kwake, na siku akichoka anaondoka nayo.

Usifikirie ni shida ya boli ya miguu pekee. Kwenye hoki, kina dada wa Telkom walitawala Kenya miaka na mikaka na kubeba mataji ya klabu bingwa Afrika. Kampuni ilipotoa mkono, jina nalo likaenda, wakaitwa Blazers. Magongo ni yale yale na vipaji ni vile vile, sasa nani analipa nauli?

Kwa hivyo kabla hajasaini mtu, mdosi wetu wa Diani aweke kando mishahara ya mwaka mzima. Si ya wachezaji tu, hata ya dereva na mfua jezi. Mchezaji asiyelipwa miezi mitatu hakimbii dakika ya 85, anawaza landlord. Na wale wa kutoka nje hawaongei, wanaenda FIFA: Gor Mahia na AFC Leopards wote washafungiwa kusajili kwa sababu ya madeni ya aina hiyo. Hao ni vigogo. Timu ya Kwale ikifungiwa nani atajua hata ipo?

Angalia Bandari hapo Mombasa. Iko chini ya mamlaka ya bandari, KPA, na haina drama nyingi. Chini ya Bernard Mwalala ilimaliza ya pili kwenye ligi ya 2018/19 na kubeba kombe la FKF 2019. Ubingwa wa ligi, hapana, huo Pwani tunaulilia tangu Feisal ya Mombasa iuchukue 1965. Lakini hata kuukaribia kulihitaji mshahara unaojulikana tarehe yake.

Watu wa Gazi kusema kweli wanaijua hii kazi kuliko wadosi wengi. Mikoko yao ilikatwa ikaisha sehemu kubwa kwa kuni za viwandani miaka ya 1970. Upandaji ulianza miaka ya 1990 na watafiti wa KMFRI, na ni 2013 ndio Mikoko Pamoja ikaanza kuuza hewa ya kaboni kutoka hekta 117. Hiyo ni karibu miaka ishirini kutoka mche hadi hela. Na hela ikiingia, wanakijiji wanakaa chini na kuamua: hii maji, hii shule. Halafu mtu anataka kujenga timu kwa miezi sita!

Tena anayo shamba lake tayari, wale mayut wa ufuoni. Hapa kuna pesa watu wengi hawaijui. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton 2013, ada iliyoripotiwa ilikuwa paundi milioni 12.5. Asilimia 5 ya hiyo ni paundi 625,000, na Wanyama alikuwa amepitia JMJ Academy, Nairobi City Stars na AFC Leopards kabla hajaenda Ulaya. Sehemu ndogo tu ya hiyo ingelipa mishahara ya timu ya mtaani kwa misimu kadhaa.

Lakini klabu isiyo na karatasi haidai kitu. Kijana wa miaka 13 anayechezea Gazi leo akiwa peku lazima awe amesajiliwa kwa jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa ya ukweli (si ile ya kupunguza miaka, wasee tunajuana) na klabu iliyo kwenye rekodi za FKF. Usajili huo ni bei rahisi sana ukilinganisha na straika mmoja wa kutoka nje. Mdosi akija na mkoba, mpelekeni kwanza kwa mwalimu wa timu ya watoto aulize fomu ziko wapi.