Sura ya 7: Kupasua Mbao kwa Msumeno wa Mkono wa Juu

Raymond DeWalt wa New Jersey, Marekani, aliubuni msumeno huu mwaka 1922. Mota na diski yake huning'inia juu ya meza, kwenye mkono wa chuma. Unapokata mbao kwa upana, mbao hutulia na diski ndiyo huvutwa. Unapopasua kwa urefu, kichwa huzungushwa nyuzi 90 na kukazwa, kisha mbao ndiyo husukumwa. Hapo ndipo fundi aliyezoea kukata huumia.

Jambo la kwanza ni upande wa kuingizia. Ukiwa upande sahihi, meno ya chini ya diski huja kwako huku mbao ikienda kwao. Meno huipinga, na kwa kuwa huipinga, mwendo unabaki mikononi mwako. Ukiingizia upande wa pili, meno na mbao huenda njia moja: diski huinyakua mbao na kuivuta kwa kishindo, na vidole vilivyoishika huifuata.

Hata upande sahihi una teke lake. Meno yanayopanda hutaka kuinua mbao, kwa hiyo shusha pua ya kava hadi ikaribie kuigusa. Tena, mbao yenye mkazo hujifunga nyuma ya mpasuo, ikabana diski na kurushwa kwako. Bapa la kutenganisha huuacha mpasuo wazi, na kucha zilizo kando yake huizuia mbao isirudi.

Zijaribu kucha hizo plagi ikiwa imechomolewa. Pitisha mbao chini yake kuelekea mbele: ipite. Ivute nyuma: zing'ate. Zikiteleza, zishushe kidogo.

Sasa egemeza ukingo ulionyooka kwenye ubao wa nyuma, simama kando ya njia ya mbao, usukume bila kusita. Mkono usikaribie diski. Kijiti cha kusukumia ndicho kimalizie, mpaka kipande kilicho kati ya diski na ubao kivuke kucha.

Na kabla ya kuwasha, chora kwa chaki mshale mezani kuelekea mbao inakokwenda. Kisha tazama ule uliochapwa kwenye diski, ujue meno ya chini yanaelekea wapi. Mshale wa chaki na mwendo wa meno hayo vitazamane. Vikifuatana, usiwashe.