Damu Inapovuja, Msikawie Njiani



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya majeruhi anayevuja damu nyingi: aliyeanguka na pikipiki, aliyekatwa panga, aliyeangukiwa na mti. Ipo dawa ya kumsaidia, na bei yake si kubwa. Lakini mara nyingi majeruhi hutufikia wakati dawa hiyo haimfai tena. Jambo hilo hutuuma sana sisi wauguzi.

Dawa hii hufanya nini?

Mshipa ukikatika, mwili huliziba tundu kwa bonge la damu. Bonge hilo limejengwa kama nyumba ya miti: nyuzi nyembamba ndizo fito, na chembe za damu ndizo udongo. Tena mwili una njia yake ya kuyeyusha nyuzi hizo jeraha likishapona. Mtu akiumia vibaya, kazi hiyo ya kuyeyusha huweza kuanza mapema mno. Fito hung'olewa kabla ukuta haujakauka, na damu huanza kutoka upya.

Dawa iitwayo asidi ya traneksamiki huzuia fito zising'olewe. Waliogundua kazi yake ni daktari Utako Okamoto wa Japani na mumewe Shosuke, waliotangaza habari zake mwaka 1962. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, na vifo vilipungua kwa wale waliopewa dawa. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionyesha kwamba inawafaa pia akina mama wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Haihitaji jokofu, kwa hiyo inafaa sana vijijini. Hutolewa na mhudumu wa afya kwa sindano ya mshipa, msiitafute dukani.

Saa ndiyo kipimo

Dawa hii ikitolewa ndani ya saa moja tangu mtu aumie, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Kila dakika inayopita hupunguza nguvu yake. Zikipita saa 3 tangu kuumia haisaidii tena, na yaweza hata kudhuru. Ndiyo maana swali letu la kwanza ni, "Ameumia saa ngapi?" Wengine hutuficha, hasa palipokuwa na ugomvi. Tafadhali, semeni kweli. Hatuulizi ili kumshtaki mtu.

Mfanye nini nyumbani?

1. Kandamizeni jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara kuchungulia. Msitie majivu, majani ya chai wala mafuta ya taa.

2. Kitu kilichochoma na kubaki ndani msikichomoe.

3. Damu ya mkono au mguu isipokoma kwa kukandamizwa, fungeni kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, wala si penye kiungo. Kazeni kwa kijiti mpaka damu ikome. Andikeni saa mliyofunga, na msifungue njiani.

4. Mfunikeni kwa kitenge au blanketi. Mwili ukipoa, damu huganda kwa shida.

5. Mpelekeni mara moja kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Ndugu mmoja afuate fomu ya polisi, mwingine atafute fedha, lakini majeruhi asizungushwe huko.

Mwisho, mjue kwamba dawa hii haishoni mshipa wala hairudishi damu iliyomwagika. Majeruhi wengi bado huhitaji upasuaji na kuongezewa damu. Basi wanaomsindikiza wawe watu wazima wenye afya, walio tayari kumtolea damu. Familia nyingi huleta watu kumi wa kulia. Sisi tungefurahi zaidi kupata wawili wa kutoa damu.