Kete Yenye Mwenzake Nyuma Yake
Mazungumzo ya jioni redioni. Somo: Marko 2:1-12

Nawasalimu kutoka Endarasha, huku chini ya milima ya Nyandarua, ambako asubuhi za Julai ukungu hutanda juu ya mashamba ya viazi hata mtu asimwone ng'ombe wake mwenyewe. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kulitaja, hata mbele ya wake zetu. Akina mama, msizime redio. Jambo hili ni lenu pia.

Karibu na soko letu pana benchi ambapo wazee hucheza drafti. Ubao wao umechorwa kwa rangi, na kete zao ni vifuniko vya chupa za soda. Mmoja huvilaza chali, na mwenzake huvilaza kifudifudi. Nilipohamishiwa parokia hii sikulipenda benchi lile. Niliona ni mahali pa kupotezea wakati, na Jumapili moja nililisema wazi mimbarani. Leo nataka kulitubia neno hilo, nanyi mtaona sababu.

Mmoja wa wachezaji hao ni mzee wa kanisa letu, mwenye umri wa miaka 66. Amenipa ruhusa kusimulia habari zake bila kulitaja jina, basi nitamwita Mzee. Wenzake walianza kuona kwamba hamalizi mchezo. Kila baada ya muda mfupi aliinuka kwenda msalani, akakawia huko, akarudi amechoka. Kwanza walimtania kwamba anakimbia kufungwa. Lakini mmoja wao, fundi wa baiskeli, hakucheka. Alingoja mpaka wengine walipoondoka, akamwuliza, "Mzee mwenzangu, mkojo unatoka vizuri?"

Mzee akanyamaza. Fundi akamwambia, "Kaka yangu alianza hivyo hivyo. Hakumwambia mtu, mpaka mgongo ulipomlaza kitandani. Tulimzika. Wewe kesho tutapanda matatu pamoja."

Ndugu msikilizaji, majuma matatu kabla ya siku hiyo Mzee alikuwa amekuja kwangu baada ya ibada. Aliniambia, "Mchungaji, niombee. Mwili hauko sawa." Nilimwekea mkono, nikaomba, kisha nikatazama saa, maana nilikuwa na arusi ya kufungisha. Sikumwuliza hata swali moja. Swali lile la fundi wa baiskeli lilipaswa kutoka kinywani mwangu.

Sasa tuelezane ugonjwa wenyewe, maana mtu huogopa zaidi kitu asichokijua.

Kila mwanamume ana tezi iitwayo tezi dume. Ni ndogo, kama kokwa la parachichi dogo, nayo inakaa chini ya kibofu cha mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Mwanamume anapozeeka, mara nyingi tezi hii hukua na kuubana mrija. Ndipo mkojo unapotoka kwa shida, unakatika katika, na mtu anaamka mara nyingi usiku. Kukua huko peke yake si saratani, na kuna dawa zake.

Saratani ni jambo jingine. Chembe za tezi huacha utaratibu wake, zikaongezeka pasipo mpaka. Zikiachwa, zaweza kusafiri mpaka kwenye mifupa, hasa ya mgongo na ya nyonga. Mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, na kwa hiyo mwanzoni mtu hasikii chochote. Anayengoja maumivu ndipo aende hospitali, huenda anangoja mpaka ugonjwa umekwisha kusafiri. Katika nchi yetu ya Kenya hii ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga, na huwa kubwa zaidi kwa mtu ambaye baba yake au ndugu yake wa kuzaliwa aliwahi kuugua. Tena watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa zaidi kuliko wengine.

Upimaji wake ukoje? Kwanza kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kipimo hiki huonyesha kiasi cha protini inayotengenezwa na tezi hiyo. Kiasi kikiwa juu, si hukumu. Chaweza kupanda kwa sababu tezi imekua tu, au kwa sababu ya maambukizo. Pili, daktari huvaa glavu akaigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Najua wanaume wengi wanakimbia hapo. Mzee aliniambia kwamba alikaa miezi mingi akiogopa jambo lililomalizika kabla hajahesabu hadi sitini. Tatu, vikionekana vya kutia shaka, huchukuliwa vipande vidogo vya tezi kwa sindano, vikatazamwa kwa darubini. Hapo ndipo saratani huthibitishwa au hukanushwa.

Kwa Mzee ilithibitishwa. Aliporudi kutoka Nyeri hakwenda kwenye benchi. Alijifungia nyumbani, akamwambia mkewe kwamba ni shida ya mkojo tu. Baadaye alinieleza yaliyokuwa moyoni mwake. Aliogopa kufa. Aliogopa kuuza shamba na kuwaachia watoto umaskini. Na aliogopa, ndugu zangu, kwamba matibabu yatamwondolea uanaume, na kwamba jambo hilo litajulikana sokoni.

Siku ya nne walibisha hodi. Walikuwa wazee wanne na ubao wao kwapani, na vifuniko ndani ya mkebe wa majani ya chai. Mama akawakaribisha chai. Hawakuuliza kitu. Walipanga kete wakacheza. Kesho yake wakaja tena, na kesho kutwa. Siku ya tatu, katikati ya mchezo, Mzee alimwita mkewe akae, akasema yote mbele yao. Mama alilia, kisha akasema, "Baba, mimi nilijua unaumwa. Nilichokuwa nangoja ni wewe kuniamini."

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humwumbua. Nyumba ile ilipona siku hiyo kabla dawa yoyote haijaingia.

Tiba za ugonjwa huu ni za namna mbalimbali, na daktari huchagua pamoja na mgonjwa. Saratani nyingine hukua polepole sana, na daktari aweza kushauri iangaliwe kwa karibu kwanza. Pengine tezi huondolewa kwa upasuaji. Pengine huchomwa kwa mionzi. Tena kuna tiba ya kupunguza homoni ya kiume, ambayo ndiyo inayoilisha saratani hii. Jambo hilo lilionyeshwa na daktari Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tusidanganyane: tiba hizi zaweza kuleta udhaifu katika tendo la ndoa, au mkojo kuvuja, na kwa wengine hali hiyo hudumu. Mume na mke na waulize mapema, wakiwa pamoja, wasikie kutoka kwa daktari wala si kutoka sokoni.

Mzee alipewa homoni na mionzi. Mionzi hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa, na ilimlazimu kukaa Nairobi. Wazee wa drafti wakapanga zamu. Mmoja alikamua ng'ombe na kupeleka maziwa, mwingine alisimamia kuvuna viazi, na kila juma mmoja alisafiri kilomita 150 na zaidi kwenda kumtazama. Kanisa nalo liliamka. Umoja wa Mama walikaa na mkewe, na wanaume wa KAMA wakachanga nauli. Lakini nakiri kwamba tulikuta wengine wametutangulia njiani.

Tazama sasa Injili ya Marko, sura ya pili. Kule Kapernaumu mtu aliyepooza alibebwa na watu wanne. Walipokuta mlango umejaa, walipanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha mpaka mbele ya Bwana. Angalia mambo matatu. Kwanza, mgonjwa hasemi neno lolote. Wenzake ndio wanaomsemea. Pili, Maandiko yanatuambia kwamba Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale wabebaji pia. Tatu, dari ya nyumba ya mtu iliharibika. Upendo ule ulikuwa na gharama, na kulikuwa na wa kuilipa. Wale wanne hawatajwi majina, wala hatuambiwi walikuwa na cheo gani katika sinagogi. Huenda nao walikuwa na benchi lao.

Wengine wataniuliza, "Mchungaji, je, kwenda hospitali si kukosa imani?" Soma Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia aliumwa, akageukia ukutani, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini nabii yule yule aliyeleta ahadi aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikuwa nyumba moja. Basi mtu akikuambia utupe dawa zako ili uonyeshe imani, au akikuuzia chupa ya mitishamba isiyopimwa huku akikuzuia kumwona daktari, usimfuate.

Wapo wakubwa waliotuonyesha njia kwa kusema wazi. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Kanisa letu la Anglikana huko Afrika Kusini alipatikana na saratani hii mwaka 1997. Akatibiwa, akaishi nayo miaka mingi, na alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Profesa Peter Anyang' Nyong'o alipopatikana nayo mwaka 2010 alikuwa Waziri katika serikali yetu, mwenye dhamana ya hospitali, wala hakuificha. Na Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alifanyiwa upasuaji wa tezi dume huko Baltimore, Marekani. Aliporudi aliwaeleza wananchi ugonjwa wake, akawahimiza wanaume wakapimwe. Ikiwa rais aweza kutamka neno hilo mbele ya taifa, mimi na wewe twaweza kulitamka mezani petu.

Basi tufanye nini? Mwanamume uliyefika miaka 50, zungumza na daktari juu ya kupimwa. Ikiwa baba yako au ndugu yako aliugua, usingoje hapo. Anza mazungumzo hayo ukiwa na miaka 40. Mkojo ukikusumbua, au ukiona damu, au mifupa ya mgongo ikiuma bila sababu, nenda juma hili. Mama, ukiona mumeo anaamka mara nyingi usiku, mwulize kwa upole. Vijana, msimwache baba aende peke yake. Nasi wachungaji, tukiombwa maombi, tuulize kwanza, "Unaumwa wapi?" Mimi mwenyewe nina miaka arobaini na kitu. Baada ya mambo haya nilikwenda kupimwa, na fundi wa baiskeli alinisindikiza.

Mzee amerudi kwenye benchi. Hatusemi kwamba yamekwisha. Kila baada ya miezi michache anapimwa damu, na usiku wa kuamkia majibu halali vizuri. Siku moja nilikaa kando yake, nikamwomba anifundishe drafti. Alinionyesha kete yangu iliyosimama peke yake, akairuka, akaila. Kisha akasema, "Mchungaji, kete huliwa pale tu ambapo nyuma yake pako wazi. Ikiwa na mwenzake nyuma, hairukwi. Mimi nilikuwa nimeacha wazi." Nilirudi nyumbani nimefungwa mara nne, nami nilishukuru.

Ndugu msikilizaji, jioni hii mtazame jirani yako. Nani ameacha kuja? Nani anainuka katikati ya mchezo? Nenda ukae nyuma yake.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe uliyetuumba na kuvijua viungo vyetu vyote, waangalie wanaume wanaoumwa kimya usiku huu. Wape ujasiri wa kusema, na utupe sisi masikio ya kusikia. Wabariki madaktari na wauguzi. Wakumbuke wajane ambao waume zao hawakupata wa kuwauliza kwa wakati. Na sisi tulioitwa kubeba wenzetu, usituache tusimame mlangoni. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.