Nani alikata maharage? Hesabu iliyo nyuma ya mgao

Kila mara mgao unapobadilika, swali kwenye foleni ni lile lile: nani ameamua? Wengine husema ni bwana mkubwa mmoja ofisini, amekata tu kwa kalamu. Ndugu wasomaji, ni kweli kwamba watu ndio wanaoamua. Lakini kabla ya kuamua hupiga hesabu, na hesabu hiyo si siri. Anayejua kujumlisha na kugawanya anaweza kuifuata. Tunaieleza katika toleo hili kwa sababu ikikosewa, wanaougua ni watu wa kambini.

Wataalamu huiita programu ya mstari. Kazi yake ni moja: una vitu vichache, una masharti ambayo lazima yatimizwe, tafuta mgawanyo ulio bora. Neno mstari limeingia kwa sababu kila kitu huongezeka sawasawa: ukiweka unga mara mbili, unapata nguvu mara mbili, na ukichora kwenye karatasi ya grafu unapata mstari ulionyooka.

Tuchukue mfano. Mashirika hupanga mgao kwa kipimo cha wastani wa kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Angalau sehemu moja ya kumi ya kalori hizo itoke kwenye protini, yaani gramu 53 hivi. Tuseme kila mtu amekwisha kupata gramu 400 za unga wa mahindi. Unga huo unampa kalori 1,440 na protini gramu 36. Zimebaki kalori 660 na protini gramu 17.

Stoo kuna vitu viwili. Gramu 100 za maharage zina kalori 335 na protini gramu 20. Gramu 100 za mafuta ya kula zina kalori 885, protini hakuna kabisa. Bei tuweke za mfano tu: maharage shilingi 300 kwa gramu 100, mafuta shilingi 600.

Mwambie karani atafute njia nafuu kuliko zote ya kujaza kalori 660. Atakuletea mafuta gramu 75, kwa shilingi 450. Maharage hayamo! Ukimgombeza atakujibu kwamba hukumwambia habari ya protini. Basi mwambie: nataka kalori 660, na protini gramu 17. Hapo hana ujanja. Lazima aweke maharage gramu 85, maana mafuta hayana protini hata kidogo. Maharage hayo yanaleta pia kalori 285, na zilizobaki anazijaza kwa mafuta gramu 43. Jumla shilingi 513. Na akitumia maharage peke yake? Atahitaji gramu 197, karibu shilingi 590, na mwili utakosa mafuta.

Angalieni tofauti ya 450 na 513. Shilingi 63 kwa mtu kwa siku ndiyo gharama ya sharti moja la protini. Kwa kambi ya watu 50,000 ni zaidi ya shilingi milioni 3 kila siku. Ndiyo maana mtu mwenye haraka ya kubana matumizi anaweza kushawishika kulifuta sharti, na karatasi yake bado itaonyesha kalori 2,100 kamili.

Vitu viwili tunaviweza kwa kalamu. Vikiwa ishirini, vyenye bei tofauti na njia tofauti za kusafirishwa, mtu hawezi. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alibuni njia ya kuzipiga hesabu za namna hii hatua kwa hatua. Mojawapo ya majaribio ya kwanza ilikuwa hasa hesabu ya chakula: aina 77 za vyakula, masharti 9 ya lishe. Makarani wenye mashine za mkono walitumia kazi ya siku 120 za mtu mmoja. Leo kompyuta humaliza hujameza mate. WFP wana programu yao iitwayo Optimus, inayopanga chakula gani kinunuliwe, wapi, na kipite njia gani. Mwaka 2021 WFP walipewa tuzo ya Franz Edelman kwa kazi hiyo ya hesabu.

Lakini kompyuta ni kama yule karani. Haijui usilolitaja.

Yaliyotokea Malawi mwaka 1990 yanaonyesha hatari yake. Nchi hiyo ilikuwa imepokea takriban wakimbizi 900,000 kutoka Msumbiji. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa kwenye mgao zikakosekana. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo hilo. Ndani ya miezi michache watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra: ngozi ya shingoni na mikononi inakuwa nyeusi na kubabuka pale jua linapopiga, kisha kuharisha, na ugonjwa ukizidi akili huchanganyikiwa. Wanawake walipatwa zaidi kuliko wanaume. Watu hao walikuwa wakila. Aliyehesabu magunia ya mahindi peke yake asingeuona ugonjwa huo ukija.

Kuna masharti mengine ambayo hakuna kitabu cha lishe kitakachoyataja. Ukipewa mahindi ya punje, mwenye mashine anachukua sehemu yake. Akichukua moja ya kumi, gramu 400 zimekuwa 360 kabla hujafika nyumbani. Maharage makavu huchukua saa nyingi jikoni, na kuni zinatafutwa na akina mama na wasichana, mbali na kwa hatari. Mtu akiuza unga ili anunue chumvi au sabuni, karatasi inaendelea kusema amekula wote.

Na fedha zikipungua? Mwezi Juni 2023 mgao wa wakimbizi nchini Tanzania ulishushwa hadi asilimia 50. Ukiiambia kompyuta itafute kalori 2,100 kwa fedha ya nusu, haitoi mgao mdogo. Inajibu kwamba hakuna jibu, masharti hayawezi kutimizwa yote pamoja. Hapo watu hulazimika kubadili swali: kwa fedha hizi, upungufu uwe wa kitu gani, na umwangukie nani? Je, unga wa lishe wa wajawazito na watoto wa chini ya miaka miwili ubaki ulivyo, na wengine wapunguziwe zaidi? Hilo si hesabu tena. Kwa maoni yetu, uamuzi huo usomwe mbele ya viongozi wa vijiji pamoja na namba zake, kabla ya siku ya kupima posho.

Mhudumu wa afya akipita nyumbani na karatasi ya maswali, akauliza mlikula mara ngapi jana, mliuza nini, mwenye mashine alichukua kiasi gani, kuni zilitoka wapi, mjibuni kama ilivyo. Wapo wanaoficha kwamba wameuza unga, wakiogopa kufutwa kwenye kadi. Tunawaelewa. Ila unga uliouzwa ukiandikwa umeliwa, ndivyo utakavyoingia kwenye hesabu ya mwezi unaofuata. Na ukiona ngozi ya mtu inababuka shingoni na mikononi, mlete zahanati siku hiyo hiyo, na umweleze mganga kwamba nyumbani mmekuwa mkila mahindi matupu.