Jikoni Hakuna Kitu

Paukwa! Nanyi mnaitika: pakawa!

Palikuwa na nyumba moja huko Tanga, na katika nyumba hiyo binti wa darasa la sita alifungua kabati, akafunua vikapu, kisha akatangaza kwa sauti ya mpiga mbiu: "Jikoni hakuna kitu." Ilikuwa Jumanne, saa moja usiku. Mama yake yuko zamu, mdogo wake ameshaanza kulia njaa, na genge la jirani limefungwa.

Bibi yake alikuwa mkekani anasuka ukili, wala hakunyanyuka. "Haya, mke mwenzangu," akasema, "nitajie hivyo ambavyo si kitu." (Msicheke. Pwani bibi humtania hivyo mjukuu wake wa kike, kwa madai kwamba wote wawili ni wake wa babu.)

Binti akataja: unga wa sembe nusu mfuko. Dagaa wakavu, konzi mbili hivi. Kitunguu kimoja. Nyanya mbili, moja imeanza kubonyea. Fungu la mchicha lililonyauka. Nazi moja, ndimu moja, chumvi, na mafuta kidogo chini ya chupa.

Hapo nisimame kidogo, maana hapa ndipo wengi hukwama. Tumezoea kuanza na jina la chakula: leo nataka pilau. Ukianza na jina, bizari ikikosekana huna chakula tena. Bibi alianza upande wa pili. Aliuliza kila kilichopo kinajua kazi gani. Unga unashibisha. Dagaa ndio nyama. Nazi italeta mafuta ambayo chupa haina. Nyanya na ndimu zina uchachu, kitunguu kina utamu na harufu. Nyanya ingekosekana, ukwaju ungeshika zamu yake. Tena nyanya yenyewe ni mgeni: pamoja na mahindi, asili yake ni bara la Amerika, na kabla ya safari ya Kolumbasi ya mwaka 1492 hapakuwa na chungu cha pwani hii kilichowahi kuviona. Wazee wa wakati huo walikula, tena wakashiba.

Swali la pili la Bibi lilikuwa: nani anachelewa? Jiko lao lilikuwa moja tu, lile linalofungwa juu ya mtungi mdogo wa gesi, kwa hiyo vyakula vilipaswa kupanga foleni. Ugali ukitangulia, utapoa na kukauka ukingoja mboga. Mboga ikitangulia, itafunikwa na itasubiri bila kinyongo. Basi ugali ukapelekwa mwisho.

Dagaa wakalowekwa kwenye maji ya vuguvugu, wakatolewa vichwa na matumbo, maana uchungu unakaa humo, wakaoshwa mchanga, kisha wakakamuliwa ndimu. Mnajua ndimu inafanya nini? Harufu kali ya samaki ni kemikali nyepesi inayopaa hewani hadi puani. Asidi ya ndimu huikamata na kuigeuza iwe aina ya chumvi, na chumvi haina mbawa.

Hao dagaa nao wana safari zao. Wale wa Ziwa Victoria ndio Wakenya wanaowaita omena na Waganda mukene. Wa Kigoma, katika Ziwa Tanganyika, ni ukoo mwingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya ukoo huo walihamishiwa Ziwa Kivu, na leo ukifika Goma au Bukavu utaandaliwa sambaza: ndio hao hao. Wengi huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mwezi ukiwaka, taa inakosa nguvu.

Turudi jikoni. Wakati dagaa wanalowa, binti alikalia mbuzi, akakuna nazi, akakamua tui zito na kuliweka kando, kisha akaongeza maji akapata tui jepesi. Kitunguu kikakaangwa kwa yale mafuta machache hadi kikageuka rangi ya dhahabu. Dagaa wakaingia, wakakaangwa kidogo. Ile nyanya iliyobonyea ikafuata. Kwa mchuzi mimi ningechagua nyanya ya namna hiyo kuliko ngumu, kwani inavurugika upesi. Halafu tui jepesi, likachemka. Mchicha ukaingia baadaye, nao ulihitaji dakika chache tu. Tui zito likawa la mwisho.

"Usiache kukoroga," Bibi akasema, "na punguza moto." Tui ni matone madogo madogo ya mafuta yaliyoelea ndani ya maji, yamezungukwa na protini inayoyazuia yasiungane. Moto mkali huiharibu protini hiyo, mafuta yanakimbilia juu, nasi tunasema tui limekatika. Lililokatika linalika, ila mchuzi unakosa ule ulaini wake.

Chumvi waliitia baada ya kuonja, kwa sababu baadhi ya dagaa hukaushwa na chumvi yao.

Sasa ugali. Mkono mmoja wa unga ulikorogwa kwanza kwenye maji baridi, ndipo ukamiminwa katika maji yanayochemka. Unga mkavu ukitupwa moja kwa moja kwenye maji ya moto, wanga wa nje huvimba papo hapo na kufunga mlango, ndani unabaki mkavu: hilo ndilo donge. Kwenye maji baridi chembe zinatawanyika kabla hazijavimba. Uji ulipochemka vizuri, unga uliobaki ukaongezwa kidogo kidogo, na mwiko ukafanya kazi yake.

Bibi akaonja mboga. "Na pilipili?"

"Hakuna, Bibi. Nimekutajia vyote."

"Ule mche wa uani umehama lini?"

Binti akatoka na tochi.

Ugali ulibaki kipande. Wanga ukipoa usiku kucha hukazana, ndiyo maana asubuhi ulikatika vipande safi kama mkate, ukakaangwa, ukanywewa chai. Mdogo mtu alidai vile vilivyokauka kingo viwe vyake peke yake.