Beji ya sikukuu na mfanyakazi aliyenyamazishwa

Kila tarehe 1 Mei wafanyakazi wetu wanaandamana, na wengi wanapenda kuvaa kofia au kitambaa kipya cha siku hiyo. Hatuoni ubaya. Lakini historia ya Ujerumani inatuonyesha namna kipande kidogo cha bati kinavyoweza kuwa mtego.

Hitler alishika serikali Januari 1933. Mwaka huo huo aliwapa wafanyakazi kitu walichokidai muda mrefu: tarehe 1 Mei iwe sikukuu yenye kulipwa. Watu walifurahi, wakaandamana kwa wingi. Kesho yake, tarehe 2, askari wa chama walivamia ofisi za sendika na kuwafunga viongozi wake.

Sikukuu ikabaki bila wenyewe. Beji ya 1934 ilikuwa na kichwa cha mshairi Goethe, tai, swastika, na, tuangalie vizuri, nyundo na mundu. Alama za wakomunisti, wakati wakomunisti wenyewe wako gerezani! Mfanyakazi aliyenyang'anywa sauti alirudishiwa picha yake, aibandike kifuani.

Wakati wa baridi zilikuja beji nyingine. Wachangishaji walisimama barabarani na vikopo kwa ajili ya maskini, na aliyetoa alipewa beji. Nani atakataa maskini? Lakini kifua kitupu nacho kilionekana, na jirani hakuhitaji kuuliza. Redio unaweza kuizima; beji inakufanya wewe mwenyewe kuwa tangazo.

Makanisani, wengine waliunganisha msalaba na swastika. Wengine walikutana Barmen tarehe 29 Mei 1934, wiki nne baada ya sikukuu ile, wakakiri kwamba Kanisa linamtii Yesu Kristo peke yake kama Neno la Mungu. Juu ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa, tamko lao lilinyamaza. Tusilifiche hilo.

Na kwetu? Wazee wanakumbuka tarehe 20 Mei, sikukuu ya MPR, na beji ya chama kwenye abakosti. Sisi Waprotestanti hatukupaza sauti sana. Mwaka 1974 Noeli yenyewe iliondolewa katika sikukuu za serikali. Waliokwenda kazini siku ile ya 25 Desemba, beji kifuani, wengine wangali wanakaa nasi kwenye viti vya kanisa. Tuwaulize, wangali hai, walikuwa wanawaza nini.