MWENYE VIH ANAZEEKA: TUANGALIE PIA MOYO, SUKARI NA MAFIGO

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Kama ulizaliwa mbele ya mwaka 1975, unakumbuka namna SIDA ilivyotisha watu. Mwaka 1984 wanganga wa Zaire, pamoja na wenzao wa Ubelgiji na Marekani, walianzisha kule Kinshasa, kwenye lopitalo Mama Yemo, kazi iliyoitwa Projet SIDA, ili kujua ugonjwa huu ni kitu gani na unapita njia gani. Dawa haikuwepo. Mtu akiambiwa jina la ugonjwa wake alianza kuhesabu miezi. Mwaka 1996 wanganga walijifunza kuunganisha dawa tatu pamoja, na kwetu Kongo dawa hizo zilianza kufikia watu wengi katika miaka ya 2000. Leo, mtu aliyeanza dawa mapema na kuzimeza kila siku anaweza kuishi miaka karibu sawa na jirani yake asiye na virusi.

Basi tumefikia jambo jipya: mwenye VIH anazeeka. Anafika miaka 50, anafika 55, anangojea pansio yake kama wengine. Na kitu kinachokuja kumwangusha mara nyingi si SIDA tena. Ni tansio, ni sukari, ni mafigo, ni mapafu. Kwa ajili yake na jamaa zake ninaandika leo.

MAKALA CHINI YA MAJIVU

Utaniuliza: «Karatasi ya labo inasema virusi vyangu havionekani. Sasa niogope nini?» Swali lako ni la haki. Virusi kutoonekana ni ushindi mkubwa. Mwili umepata nguvu ya kujikinga, na hutamwambukiza bibi yako au bwana yako katika ndoa. Lakini virusi hivyo vimejificha tu, havikuondoka. Mwili unaendelea kupigana navyo pole pole, kama makala yaliyofunikwa na majivu: huoni moto, lakini ukiweka mkono unaungua. Joto hilo dogo linachakaza mishipa ya damu mwaka kwa mwaka, na moyo unaweza kupata taabu mapema kuliko moyo wa mwenzako.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 uchunguzi mmoja unaoitwa REPRIEVE, uliofuata watu 7,769 wenye VIH katika nchi 12, Uganda na Zimbabwe zikiwemo, ulionyesha kwamba pitavastatini, dawa ya kupunguza mafuta ndani ya damu, ilipunguza magonjwa makubwa ya moyo na mishipa kwa 35 kwa mia. Usikimbie kutafuta dawa hiyo sokoni! Munganga ndiye anayejua nani anaihitaji. Ninakuambia tu kwamba moyo wa mwenye VIH unadai uangalizi wake wenyewe, hata virusi vikiwa kimya.

Na juu ya hayo uweke maisha yetu: zamu ya usiku, sigara, makayabu yenye chumvi kali, Simba baridi siku ya mshahara, na lile tumbo ambalo sisi wanaume tunaliita heshima.

DAWA ZINAPOGOMBANA

Hapa nitakaa kidogo, sababu ndipo penye hatari.

Wagonjwa wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku, TLD. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ni dawa nzuri. Taabu inatoka kwingine. Mfanyakazi anatibiwa tansio na mgongo kwenye dispansere ya kampuni, lakini dawa ya VIH anaifuata mbali, kwenye kituo ambako hakuna mtu anayemjua. Akirudi nyumbani anabandua karatasi ya chupa, au anamimina vidonge ndani ya chupa nyingine. Ninamwelewa. Katika kambi zetu habari inakimbia kuliko treni (na treni yetu tunaijua wote). Lakini munganga asiyejua unameza nini anakuandikia dawa kama mtu aliyeshuka chini ya udongo bila taa ya kofia.

Chukua ugonjwa wa mgongo, ugonjwa wetu sote. Mtu amebeba na kuchimba miaka ishirini na tano. Anaumwa. Ananunua diklofenaki au ibuprofeni barabarani, anameza asubuhi na jioni, mwezi mzima. Sasa, tenofoviri inatoka mwilini kwa njia ya mafigo. Diklofenaki nayo inayapa mafigo mzigo. Ongeza umri, ongeza tansio, ongeza jasho la kazi na maji machache ya kunywa, na mafigo yanaweza kuharibika bila kelele. Mtu hasikii maumivu yoyote. Siku moja miguu inavimba, na tumechelewa. Kama unatumia TLD, usijipe mwenyewe dawa hizo za maumivu. Sema kwanza. Kuna dawa nyingine kama parasetamoli, na kuna kipimo cha damu, kreatinini, kinachotuonyesha kama mafigo yangali yanafanya kazi sawasawa.

Sukari nayo ni hivyo hivyo. Mgonjwa wa sukari hupewa metformini. Lakini dolutegraviri inazuia metformini isitoke upesi mwilini, nayo inazidi ndani ya damu. Munganga anayejua jambo hilo atapunguza kipimo. Asiyejua atakupa kipimo cha kila mtu.

Tena kuna dawa ndogo ndogo ambazo hatuziiti dawa: za kiungulia, vidonge vya chuma vya kuongeza damu, kalsiamu ya mifupa. Ukizimeza pamoja na TLD zinaishika dolutegraviri tumboni, isiingie katika damu. Hapo unameza kila siku kwa uaminifu na virusi vinarudi. Meza TLD saa mbili mbele ya dawa hizo, ao ungoje saa sita nyuma yake. Chuma na kalsiamu vinaweza kwenda pamoja na TLD kama unakula chakula wakati ule ule. Dawa ya kiungulia hapana.

Usifikiri sasa kwamba kila kitu kinagombana. Amlodipini, ambayo wazee wengi wanaitumia kwa tansio, inapatana na TLD bila matata. Ndiyo maana ninasema sema, sisemi acha.

VUMBI NA KIKOHOZI

Vumbi ya majiwe ina silisi. Silisi ikiingia mapafuni inaacha makovu yasiyopona, na mapafu yenye makovu ni nyumba iliyo wazi kwa kifua kikuu. Mlango huo haufungiki siku unapoacha kazi. Mstaafu wa miaka 65 angali nao. Mtu mwenye VIH na vumbi pamoja ana mizigo miwili, na mmoja unauongeza mwingine nguvu.

Wengine tunawaambia: ukikohoa wiki mbili, njoo. Kwako wewe mwenye VIH, usihesabu wiki. Kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito: kimoja kati ya hivyo kinatosha. Tena, ukianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, lazima munganga ajue habari ya TLD, maana rifampisini inapunguza nguvu ya dolutegraviri. Mara nyingi anaongeza kidonge cha pili cha dolutegraviri, saa kumi na mbili nyuma ya kile cha kwanza.

NENO KWA WAMAMA

Mwanamke mwenye VIH ana hatari ya kansa ya mlango wa kizazi mara sita kuliko mwanamke asiye na virusi. Kansa hiyo inakuja pole pole, na ikionekana mapema inazuiwa. Tangu miaka 25 uombe kuangaliwa. Kama ni kipimo cha siki, kirudiwe kila miaka mitatu. Mama wa miaka 50 asiseme «mimi nimekwisha kuzaa». Kansa haiulizi habari hiyo.

Kwa jiko: loweka makayabu usiku mzima na kumwaga maji yake. Kube ya Maggi ikiingia, chumvi ipunguzwe. Mafuta ya ngazi ndani ya sombe yapimwe kwa kijiko, si kwa jicho. Dolutegraviri inaweza kumnenepesha mtu, basi bukari isiongezwe kwa furaha kwamba baba amepata mwili. Na lutuku, ninaomba, iondoke nyumbani kabisa.

KARATASI MOJA, MTU MMOJA

Ukivuka miaka 40 na una VIH, uombe kila mwaka vipimo hivi: tansio, sukari asubuhi mbele ya kula, kreatinini, mafuta ya damu, uzito. Tansio ikifika 140 juu au 90 chini, na ikirudia hivyo siku nyingine, ni ugonjwa. Sukari ya asubuhi ikifika 126 na kurudia, vile vile. Usingoje kichwa kiume. Tansio haina desturi ya kupiga hodi.

Najua kinachokufunga mdomo: kazi yako. Jua basi kwamba tangu tarehe 14 julai 2008 nchi yetu ina sheria, nambari 08/011, inayolinda haki za watu wenye VIH na kukataza kuwatenga kwa sababu hiyo. Siri yako ni wajibu wa munganga. Kama unaona haya kusema mbele ya watu wanaongoja, omba tufunge mlango. Tutaufunga. Lete vidonge vyote unavyomeza, pamoja na vile vilivyo ndani ya chupa isiyo na karatasi, na dawa za mizizi ulizopewa na shangazi. Tutaviandika vyote kwenye karatasi moja, nawe utaionyesha kila mahali unapotibiwa.

Na kama pansio imekaribia, jambo hili linazidi uzito. Wengi wakipata pansio wanarudi kijijini, ao wanahamia kwa mtoto Likasi ao Kolwezi, na karatasi zote zinabaki hapa. Kule wanaanza upya kama wagonjwa wa jana. Usingoje siku ya kurudisha kofia na viatu. Miezi mitatu mbele, omba barua ya kuhama kwa kila kituo kinachokutibu, na kopi ya vipimo vya mwisho: virusi, kreatinini, sukari, tansio, na picha ya kifua. Uliza pia kituo kipya kinagawa TLD siku gani, na uondoke hapa na vidonge vya kukufikisha siku ile.